Ndoo Niliyojitwisha Kwenye Chumba cha Leza

Wanangu wa klabu ya sayansi, kila Jumamosi mnaniuliza kuhusu ile ndoo nyekundu niliyoitundika kwenye msumari, mlangoni pa chumba chetu cha fizikia hapa Lipangalala. Ni ndoo ya kuchezea watoto, haichukui hata lita moja ya maji, na mkuu wenu wa shule ameniomba mara mbili niitoe kwa sababu wageni wakiiona wanashindwa kuelewa. Nimekataa mara zote mbili. Mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, amesema Bibi Adelina kazeeka, siku hizi anatundika tu vitu. Haya, kaeni niwaeleze, halafu mtaamua wenyewe nani kazeeka.

Nilikuwa fundi wa maabara ya leza, Ujerumani, miaka ishirini na moja. Sikuwa profesa. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa mtaani nimeshapewa vyeo vya kila aina, na kuna jirani yangu kule Viwanja Sitini anawaambia watu nilikuwa natengeneza mabomu. Maprofesa walifikiri, wanafunzi wao waliandika, na sisi mafundi tulihakikisha mwanga unafika pale unapotakiwa kufika. Ukikosea upana wa unywele, haufiki.

Sasa mwanga wenyewe ulikuwa na kazi gani? Twende taratibu. Chembe za hewa mnayovuta sasa hivi zinakimbia mamia ya mita kwa sekunde moja. Kitu kinachokimbia hivyo huwezi kukichunguza vizuri. Nikiwa msichana nilipelekwa kuamia ndege wasile mpunga wetu Katindiuka, na siku moja baba akaniambia nikadirie kwelea kwelea wako wangapi. Nikahesabu wakiwa wanaruka. Nilipomtajia idadi, baba alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia ndege huhesabiwa akishatua. Atomi nazo ni hivyo hivyo, kwanza zitulie.

Kuzituliza tulitumia leza. Tulikuwa na chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, ndani yake mvuke kidogo wa metali iitwayo rubidi. Tulielekeza miali kutoka pande sita: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Rangi ya mwanga ilichaguliwa kwa uangalifu, kiasi kwamba atomi ikikimbilia upande wowote inakutana na mwanga unaoisukuma irudi. Inapungua mwendo, inapungua, mpaka inakaribia kusimama. Na kwa kuwa joto la kitu ni mwendo wa chembe zake tu, atomi iliyokaribia kusimama ndiyo atomi baridi. Zetu zilikuwa baridi kuliko kitu chochote mtakachokikuta duniani au angani juu. Zilikusanyika katikati ya chungu zikawa kitone kimoja kinachong'aa. Siku ya kwanza nilipokiona kwenye kioo cha kamera nilifanya ishara ya msalaba, na wenzangu wakadhani nafukuza nzi.

Hapo ndipo ilipoingia leza ya pili. Hii haikuwaka mfululizo, ilitoa mapigo mafupi ya mwanga. Chukua sekunde moja uigawe mara bilioni, kisha chukua kipande kimoja ukigawe tena mara milioni. Mapigo yetu yalidumu makumi machache ya vipande hivyo. Pigo la kwanza linaishtua atomi, la pili linafuata kuuliza imefikia wapi, na sisi tunasoma rangi zilizomezwa na rangi zilizorudi. Tulitaka kujua atomi mbili baridi zinaposhikana kuwa kitu kimoja zinapitia hatua gani. Kabla ya mapigo hayo ilikuwa kama kuona bwana na bibi harusi wakitoka kanisani bila kujua walikutana wapi.

Na pigo la pili tulilicheleweshaje? Mnadhani kulikuwa na saa ya ajabu. Hapana, tulisogeza kioo. Mwanga ukizungushwa njia ndefu kidogo unachelewa kidogo. Ukisogeza kioo kwa unene wa unywele tu, umelichelewesha pigo kwa kiasi tulichotaka na kuzidi. Nilipoelewa hilo nilikosa usingizi kwa furaha, maana nilikuwa nimeogopa kwamba kazi ile ni ya watu wenye akili za kuzaliwa nazo, kumbe ni ya watu wenye subira na bisibisi ndogo.

Jinsi nilivyofika huko ni hadithi fupi. Hapa Ifakara nilianza kwa kusafisha hadubini za watu wanaochunguza malaria. Nilikuwa na mkono mwepesi, lenzi nikiigusa inarudi kama mpya, wakanipeleka kozi, kozi ikazaa kozi nyingine, mpaka nikajikuta nimevaa makoti mawili kwenye kituo cha treni, na umri wangu unakaribia miaka arobaini. Maabara ikanipokea kwa majaribio ya miezi sita. Nikifaulu, naajiriwa. Nikishindwa, narudi Ifakara kuwaeleza watu wote walionichangia nauli na kunifanyia misa ya kuniaga.

Fundi mkuu aliitwa Gerda, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, karibu miaka sitini. Mimi nilimwita Mama Gerda. Hakuwa na mtoto, na mara ya kwanza alinitazama kama nimemtukana, lakini sikuwa na namna nyingine ya kumwita mtu wa umri ule. Alinifundisha kila kitu ninachowafundisha ninyi. Kioo usikipulize kwa mdomo, mate hayaonekani lakini leza inayaona. Karatasi ya kusafishia ichovye tone moja la spiriti, ivute mara moja tu, kisha itupe, hata kama unaona huruma. Ukigusa skrubu, andika umeizungusha kiasi gani na kuelekea wapi, kwa sababu kesho hutakumbuka na keshokutwa utabisha. Saa, pete, rozari, vyote unaviacha mlangoni, maana mwanga ukigonga kitu kinachong'aa hujui utarukia wapi. Na kubwa kuliko yote, macho yako yasishuke hata siku moja mpaka usawa wa meza, kwa sababu miali yote inasafiri usawa huo. Ukiangusha kitu, funga macho kwanza ndipo uiname.

Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa mwezi wa pili wa majaribio. Ndani ya leza ile kulikuwa na kioo chenye mistari midogo mno, maelfu kwa maelfu, kazi yake kutandaza rangi za mwanga. Mimi nikakiona kina ukungu. Mtu aliyesifiwa miaka yote kwa kusafisha hadubini akiona ukungu hufanya nini? Nikakifuta vizuri sana kikang'aa. Mama Gerda alipoingia nikamwonyesha kwa fahari. Alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akanieleza polepole kwamba ile mistari haiguswi hata kwa unyoya, na kwamba nilichokifuta ni mistari yenyewe. Maabara ilisimama wiki tano tukisubiri kioo kingine. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Mkuu wa maabara, kijana mwembamba mwenye haraka, aliandika kitu kwenye faili langu na kulifunga.

Kosa la pili ndilo lenye ndoo. Lilikuwa mwezi wa tano. Asubuhi hiyo nilikuwa napanga vioo, leza ya mapigo imewashwa. Mwanga wake uko ukingoni mwa kile jicho linachoweza kuona. Unaona wekundu hafifu, wa upole kabisa, na ndiyo hatari yake, kwa sababu nguvu iliyomo inatoboa jicho kabla hujapepesa. Nilikuwa nimepandisha miwani ya kinga kwenye paji la uso ili nione vizuri kitone cha mwanga kwenye kikadi nilichokishika kutafutia mwali. Ndiyo, nilijua ni makosa, kila mtu alikuwa anafanya. Hiyo si sababu, nawaambia tu ilivyokuwa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee aliyeianzisha maabara ile. Alikuwa amestaafu zamani, ana miaka zaidi ya themanini, kichwa chote mvi, anatembea kwa fimbo. Sikuwahi kumwona. Wanangu, sikufikiri. Magoti yaliinama yenyewe na kichwa kikashuka, kama nilivyofundishwa tangu nikiwa na miaka mitatu. Mtu mzima ameingia na wewe msichana wa Katindiuka unapiga goti unamwamkia. Uso wangu ukashuka mpaka usawa wa meza.

Kitu nilichokiona mbele yangu kilikuwa kiganja. Mama Gerda alikuwa upande wa pili wa meza na alirusha mkono kati ya uso wangu na mwali, huku mkono wa pili ukipiga kitufe cha kuzima. Nilisikia harufu ndogo ya kuungua. Katikati ya kiganja chake kulikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya ulezi. Lile doa lilikuwa la jicho langu.

Mkuu wa maabara aliniita ofisini na Mama Gerda akakaa kando, mkono umefungwa bandeji. Kuhusu miwani nilikiri, hakukuwa na la kujitetea. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: kwa nini niliinama, nilikuwa nimeangusha nini? Nikamweleza kwamba sikuangusha kitu, nilikuwa namwamkia mzee. Akauliza kama ninaweza kuahidi halitatokea tena. Naweza kuahidi kwa mdomo, lakini kilichoinama si mdomo. Nilimwambia ukweli, kwamba siwezi kuyaapia magoti ambayo hayakuniuliza. Akasema basi ananipa hadi Jumatatu nimletee sababu ya kuamini. Nisipokuwa nayo, miezi sita ikiisha narudi nyumbani, kwa sababu hawezi kuajiri mtu atakayepofuka mikononi mwake.

Kulia nililia, sioni aibu kuwaambia. Nilimkasirikia yule mzee kwa kuingia, nikayakasirikia magoti yangu, na nikamkasirikia mama yangu aliyeyafundisha. Siku ile nilitamani ningezaliwa mahali ambapo watu hupungiana mikono tu basi.

Jumamosi nikampigia mama. Wakati huo hakuwa na simu, tulikuwa tunampigia mwenye duka la vitenge Viwanja Sitini, naye anamtuma mtu Katindiuka kumwita, unasubiri saa nzima halafu unapiga tena. Nikamsimulia yote. Nilitegemea atasema nirudi, au atasema Wazungu hawana adabu.

"Adelina," akasema, "wewe ukitoka kisimani na ndoo kichwani, ukakutana na padre njiani, unapiga goti?"

Nikamjibu hapana, maji yatamwagika.

"Unamwamkiaje?"

"Nasimama tu, mama. Shingo imenyooka."

"Na yeye anaona umemdharau?"

"Hapana. Anaona nimebeba."

"Basi ukiingia humo ndani, jitwishe ndoo. Ukitoka, tua. Na huyo mama aliyeungua mkono, mwambie nimemwamkia."

Jumatatu niliwaeleza hayo kwa Kijerumani changu cha kuokoteza. Mkuu wa maabara alikuna kidevu. Alitaka sababu ya kisayansi, mimi nimemletea ndoo ya maji kutoka Katindiuka. Lakini Mama Gerda akamwambia kwamba ukutani kuna kanuni ishirini na mbili alizoziandika yeye, Mama Gerda, kila mwanafunzi amezitia sahihi, na kila mwanafunzi anapandisha miwani. Akasema hii ndiyo mara ya kwanza anasikia kanuni ambayo mtu ataikumbuka kwa shingo. Mkuu akatoa mwezi mmoja uliobaki uwe ndio mtihani.

Kuanzia hapo, kabla ya kushika kitasa cha mlango nilikuwa nasimama kidogo. Nashusha miwani machoni. Kisha, kwa mawazo tu, najitwika ile ndoo ya bati ya kwetu Katindiuka, nzito, imejaa, juu ya kata ya kitenge, na nasikia kabisa shingo inanyooka. Wanafunzi waliniona nikisimama pale wakadhani nasali, na wengine wakaanza kuninyamazia kwa heshima. Sikuwakatalia.

Mzee alirudi. Baadaye nilijua kwamba Mama Gerda ndiye aliyemwomba aje bila taarifa. Mara ya kwanza alikohoa mlangoni, nikasikia magoti yanaanza kulegea na maji yanatikisika kichwani. Nikasimama. Nikamgeukia nimenyooka wima na kumwambia kwa Kiswahili, shikamoo. Alitaka kujua maana yake, na nilipomweleza na kumfundisha jibu, alifurahi kama amepewa zawadi. Alikuja mara saba katika mwezi ule. Nadhani mara mbili zilikuwa za mtihani, zilizobaki alikuwa anafuata ile shikamoo. Siku ya mwisho ya mwezi wa sita niliikuta hiyo ndoo nyekundu kwenye msumari pembeni ya miwani yangu. Mama Gerda alikuwa ameinunua dukani kwenye vitu vya watoto. Nikajua nimeajiriwa kabla barua haijaandikwa.

Ndoo ikawa ya maabara nzima. Mwanafunzi mpya akija, kutoka nchi yoyote, aliigusa kabla ya kuingia, na miwani ikabaki machoni. Kila mmoja alikuwa na goti lake. Mmoja alikuwa na tabia ya kuchungulia chini ya vitu, mwingine alikuwa mrefu mno na hupenda kuegemea meza. Nao wote walijitwisha.

Kazi yenyewe imebadilika sana. Zamani asubuhi nzima iliisha tukizungusha skrubu kwa vidole, tukifuata mwanga kioo kwa kioo, na jua likipiga ukuta mchana meza inapanuka na kila kitu kinahama. Leo leza inawashwa kwa kitufe kama pasi, na kompyuta inapanga vioo yenyewe. Vijana niliowaacha kule wanapata kwa siku moja vipimo ambavyo sisi tulivikusanya kwa mwaka. Sina wivu, kidogo tu. Lakini kompyuta ikishindwa walikuwa wananiita mimi, na mara nyingi nilikuta ni kioo kichafu. Jifunzeni kwa vidole kwanza. Na jicho halijabadilika, mwanga ule ule utalitoboa leo kama ulivyotaka kulitoboa langu.

Sasa nimalizie. Siku niliyostaafu, Mama Gerda alikuja kuniaga, yeye mwenyewe sasa anatembea kwa fimbo. Leza zilikuwa zimezimwa zote. Akaitoa ndoo msumarini na kunikabidhi, na mkono ulionipa ulikuwa na lile doa. Nikaibeba kwenye mkoba, sikuiweka kwenye sanduku, nikiogopa isije ikapotea njiani.

Nilifika Katindiuka mchana. Mama alikuwa amekaa barazani anachagua mchele kwa kupapasa. Macho yake siku hizi yana ukungu, ananijua zaidi kwa sauti na hatua. Kabla sijamwamkia nikamwekea ndoo mikononi, akaipapasa juu, chini na mpini.

"Ndiyo hii? Ndogo hivi?" akasema. "Hii haitoshi hata kunawa."

Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, miaka ishirini na moja. Akaiweka kando ya ungo, akainua uso kuelekea niliposimama.

"Umeshatua?"

"Nimetua, mama."

Nikapiga magoti, yote mawili, mpaka chini kwenye mchanga, uso wangu ukawa usawa na wake, karibu kabisa. Nikamwamkia. Yeye hakuweza kuniona vizuri, lakini mimi nilimwona, kila kunyanzi, kwa macho yangu yote mawili.